Fungu la Kumtunza Mzee

Ukiuliza katika kata ya Bashay, wilayani Mbulu, mzee asiyeweza tena kujipikia anapelekwa wapi, watu watakushangaa. Apelekwe wapi, na kwake kupo? Kwa Wairaqw wa huku, kama ilivyo kwa baadhi ya makabila mengine ya Tanzania, kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki nyumbani. Kaka zake wakishakatiwa sehemu zao na kuhama, yeye huoa hapo hapo, huwatunza wazazi, na siku wakiondoka duniani nyumba na shamba la nyumbani huwa vyake. Huo ni mkataba kamili, ingawa hakuna karatasi: matunzo kwanza, urithi baadaye.

Sasa mkataba huo unalegea, na wanaokimbilia kuwalaumu vijana wanakosea. Shamba lililomtosha babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, mpaka sehemu ya kitinda mimba haitoshi kulisha watoto wake mwenyewe. Bashay ina sifa ya vitunguu saumu, na msimu ukienda vizuri fedha huonekana. Bei ikianguka, kijana anafunga mzigo wake na kwenda Babati au Arusha kutafuta. Heshima kwa mzee ipo. Kwenye mkusanyiko bado yeye ndiye anayetoa slufay, ile dua ndefu ya Kiiraqw ya kuomba mvua, uzima na amani, na waliokaa naye humwitikia. Kilichopungua ni mikono ya kumwogesha mzee huyo siku atakapoanguka, na fedha ya kuilipa mikono hiyo.

Makazi ya wazee ya serikali yaliyo karibu yako Magugu, wilayani Babati, mkoa huu huu wa Manyara. Kutoka Mbulu unateremka ukingo wa Bonde la Ufa kwa njia ya Magara na kutokea mahali paitwapo Mbuyu wa Mjerumani. Anayepokelewa kule hatozwi. Chakula na malazi ni juu ya serikali. Lakini makazi ya namna hii ni ya mzee asiyejiweza na asiye na ndugu wa kumtunza, na safari ya kufika huko huanzia kwa mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wa jamii. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiweka familia na jamii mbele, na makazi yakabaki kimbilio la mwisho. Hata kama sera ingesema vingine, nafasi zisingetosha. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 wenye umri wa miaka 60 na zaidi nchini, wakati makazi ya serikali hayazidi ishirini na yanatunza mamia tu ya watu. Baadhi yake, kama Nunge ya Kigamboni na Bukumbi ya Mwanza, yalianza kama makazi ya wagonjwa wa ukoma. Si ajabu neno “makazi” bado linawatia watu wengi hofu, na mtoto anayelitamka kwenye kikao cha ukoo huonekana amemtupa mzazi.

Mimi sioni aibu katika Magugu. Mzee aliyebaki peke yake, asiye na wa kumpa maji, ana haki ya kitanda kile, na anayemsaidia kufika huko amefanya jambo jema. Ila tujue anachopoteza. Bibi aliyezeeka kwenye baridi ya Mbulu atashushwa kwenye joto la bonde, mahali ambapo huenda jirani wa kitanda hajui neno la Kiiraqw, na yeye Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Kwa hiyo kwa walio wengi hesabu inabaki nyumbani. Nyumbani nako kuna gharama, tofauti ni kwamba hakuna anayeiandika.

Tuchukue mfano: mama mjane wa miaka 78, kiharusi kimempooza upande mmoja. Kuna dawa ya presha ya kila siku. Kuna usafiri wa kwenda kliniki, na ugonjwa ukizidi, safari ya hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza kuhudumia watu wa eneo hili mwaka 1955. Kuna godoro linaloharibika, nepi za watu wazima, sabuni, kuni za kuchemshia maji, uji wenye lishe. Na kuna jambo lisilo na risiti: mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, la sivyo mgongo na makalio vitatoka vidonda ambavyo vikishachimbika kuvitibu ni kazi ngumu mno. Maana yake katika nyumba hiyo kuna mtu asiyelala. Mara nyingi ni mke wa kitinda mimba, ambaye mumewe yuko mjini, au mjukuu wa kike aliyeanza kukosa shule Jumatatu, kisha Jumatatu na Jumanne. Huyo ndiye anayelipia uzee wa Bashay, na halipwi na mtu.

Upande wa hospitali, msaada upo na wengi hawaudai. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo katika vituo vya serikali. Jina lake litambuliwe kwanza na serikali ya kijiji, lipelekwe kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na apewe kitambulisho cha matibabu. Fuatilia mzee akiwa bado anatembea, kwa sababu kuhangaikia karatasi usiku wa kiharusi ni mateso. Baraza la wazee la kijiji, pale lilipo hai, linaweza kuyasukuma majina haya yote kwa pamoja, na mtendaji hawezi kulipuuza kama anavyoweza kumpuuza mama mmoja. Hospitali za mashirika ya dini zina taratibu zake. Huko ulizia ustawi wa jamii wa hospitali kabla deni halijakua. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Yote haya ni mazuri. Lakini bima humlipia daktari. Kugeuza mgonjwa saa nane za usiku hakumo kwenye kitita chochote.

TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii wa serikali, husaidia kaya maskini, na zipo kaya za wazee ambazo bila ruzuku hiyo zingelala njaa. Udhaifu wake ni kwamba inaitazama kaya. Bibi anayeishi chini ya bati la mwanawe anaweza kukosa hata shilingi ya sabuni, na asiingie kwenye orodha kwa sababu ya bati lile.

Basi fungu litoke wapi? Kwanza kwenye kikao. Familia zetu zinajua kuchanga: harusi ina kamati, mweka hazina na kadi za ahadi, na msiba ukitokea, watoto walioko Dodoma na Dar es Salaam wanatuma fedha kwa simu kabla jua halijazama. Inaniuma kuona jeneza la bei kubwa likishushwa mbele ya nyumba ambayo marehemu alikaa miaka mitatu kwenye godoro lililobonyea. Utaratibu ule ule wa kamati ukitumika akiwa hai, kila mtoto akapangiwa kiasi cha mwezi kwa kadiri ya kipato chake, mzigo hubebeka. Na kiasi cha kwanza kwenye orodha hiyo kiwe posho ya mtunzaji, kabla ya dawa na kabla ya nepi. Mkwe anayelala nusu usiku anafanya kazi. Akilipwa, hata kidogo, atakuwa na sauti ya kusema amechoka, na ndugu watalazimika kumtafutia wa kumpokea.

Pili, ardhi ya mzee mwenyewe. Wazee wengi hugawa kila kitu mapema ili wasije wakaacha ugomvi, kisha wanabaki wageni kwenye boma lao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamruhusu mwanakijiji kupata hati ya haki miliki ya kimila, mjane naye akiwemo, na mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu mbele ya sheria hiyo. Eneo zuri la vitunguu saumu, likibaki kwa jina la mama na likakodishwa msimu kwa msimu kwa maandishi mbele ya mashahidi, linaweza kumlipa anayemtunza mama. Wilayani Hanang, mzee wa Kibarbaig mwenye ng'ombe anaweza kutenga mifugo kadhaa kwa kazi hiyo na kulitangaza jambo hilo mbele ya wanawe wote. Urithi usubiri. Ndivyo ule mkataba wa kitinda mimba ulivyokuwa tangu mwanzo.

Nchi tajiri hazikupata dawa rahisi. Marekani, bima ya wazee ya Medicare haigharamii kukaa kituoni kwa muda mrefu, na familia nyingi hutumia akiba mpaka iishe ndipo mpango wa maskini uwashike. Ujerumani ilianzisha bima ya utunzaji mwaka 1995, na ndani yake kuna fedha inayotolewa kwa mgonjwa anayetunzwa nyumbani na jamaa zake, ambayo anaweza kumpa huyo anayemtunza. Walitambua kwamba binti anayemwogesha mama yake anaiokolea nchi gharama.

Hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Tangu Aprili 2016 Zanzibar inamlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni jamii, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Kenya ilianza kulipa wenye miaka 70 na kuendelea mwaka 2018, shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi. Huku bara, mkulima hana kiinua mgongo, hata kama amelipa ushuru wa mazao tangu ujana wake. Mzee wa miaka 72 wa Makunduchi, kule Zanzibar, anapokea pensheni hiyo. Mwenzake wa Bashay, raia wa Jamhuri ile ile, hapokei. Mgombea yeyote atakayepanda jukwaani huku Manyara, Dongobesh au Katesh, kuomba kura aulizwe hilo kwanza, na aulizwe na wazee wenyewe, waliokaa viti vya mbele.