Kupekua kitabu bila kukipotosha



Sisi mafrateri tukiwa parokiani wakati wa likizo, huulizwa maswali yanayotaka jibu kabla ya Misa ya pili. Huku Songwe, ambako Wamoraviani na Wakatoliki hukutana ndani ya ukoo mmoja, swali moja halikosekani: "Frateri, mdogo wangu ni Mmoraviani. Anaweza kumsimamia mwanangu kwenye ubatizo?"

Jibu limo katika Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, wenye kanuni 1752. Hatuwezi kuzisoma zote kwa swali hilo moja. Tunafanya kama wakala wa forodha pale Tunduma: hasomi kila neno kwenye rundo la karatasi za lori, ila anajua namba anayoitaka iko karatasi ipi.

Basi tunaanza na yaliyomo. Ubatizo uko katika Kitabu cha Nne, na ndani yake kuna sura ya wasimamizi, kanuni 872 hadi 874. Kutoka 1752 tumebaki na 3! Hapo tunachagua neno la kusaka, "msimamizi", pamoja na maneno jirani kama "mdhamini", maana hatujui mfasiri alitumia lipi. Jicho linashuka ukurasani bila kusoma, hadi lilione.

Hapo ndipo wengi wetu hukosea. Kifungu cha kwanza cha kanuni 874 kinataka msimamizi awe Mkatoliki aliyepokea Kipaimara na Ekaristi, na kwa kawaida awe ametimiza miaka 16. Aliyeona neno "Mkatoliki" akafunga kitabu atamjibu mzazi "haiwezekani", na mjomba wa watu atabaki nyumbani siku ya ubatizo. Kumbe kifungu cha pili, mistari michache tu chini yake, kinamruhusu mbatizwa wa jumuiya isiyo ya Kikatoliki kusimama pamoja na msimamizi Mkatoliki, yeye akiwa shahidi. Kwa hiyo, tukishafika mahali penyewe, mbio zinaisha: tunasoma kanuni nzima taratibu, kisha tunampeleka mzazi kwa paroko tukiwa na namba ya kanuni mkononi.

Kwa wanafalsafa hatari ni kubwa zaidi, hasa tukisaka kwa simu, ambayo huleta neno popote lilipo bila kujali nani anasema. Katika Summa, Mtakatifu Thomas wa Akwino hutanguliza hoja za wanaompinga. Sehemu ya kwanza, swali la 2, makala ya 3, anauliza kama Mungu yupo, na hoja zinazofungua makala zinadai kwamba hayupo. Anayenakili mistari hiyo kwenye insha yake amemfanya Thomas mkana Mungu. Msimamo wake mwenyewe huanza kwenye neno "Respondeo", yaani "Najibu". Tunasaka hilo kwanza, halafu tunarudi juu kusoma hoja za wapinzani, na mwisho tunashuka kuona alivyozijibu moja moja.