Mnaomba Skolashipu? Chukueni Daftari Moja!

Wewe unaomba Chevening, mwenzio anawinda Fulbright. Mapenzi motomoto, lakini vyeti viko wapi? Akili mnazo, kinachoangusha maombi mazuri ni tarehe iliyosahaulika na barua ya mdhamini iliyochelewa.

Chukueni daftari, au Excel kama ndiyo zenu, mchore safu tano: jina la skolashipu, siku ya mwisho, nyaraka, wadhamini na hatua mliyofikia. Kila Jumapili jioni, mnapitia pamoja.

Andikeni na saa. Chevening, ambayo dirisha lake kwa kawaida hufunguliwa Agosti, huhesabu kwa UTC, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Saa 12:00 mchana kwao, Dar na Nairobi ni saa tisa alasiri. Ukisubiri utoke kazini, imekula kwako!

Masharti nayo yaingie humo. Chevening inataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, uchague kozi tatu, na ukimaliza urudi nyumbani kwa miaka miwili. Tena haigharamii mke, mume wala mtoto.

Hapo ndipo inapokuja safu ya sita: sisi je? Nani atabaki na mtoto? Kodi ya nyumba atalipa nani? Harusi inasogezwa? Yazungumzeni kabla ya kutuma maombi, siyo siku ya kupongezwa. Mwaka wa mapenzi ya kwenye simu unavumilika, ila kwa waliokubaliana mapema.