Kompyuta na mitambo mikongwe: Funzo la kituo cha umeme cha Tosamaganga

KATIKA orodha ya vituo vinavyozalisha umeme kwa nguvu ya maji nchini, Tosamaganga ni jina linalopitwa haraka. Kituo hicho cha Mto Ruaha Mdogo, nje ya mji wa Iringa, kimeorodheshwa kuwa cha mwaka 1951, chenye uwezo wa kilowati 1,220, yaani megawati 1.22. Mtambo mmoja tu kati ya tisa ya Bwawa la Julius Nyerere una megawati 235, karibu mara 193 ya kituo kizima cha Tosamaganga.

Hata hivyo, ni kwenye vituo vya umri huo ndiko swali la teknolojia ya dijitali linakokuwa gumu. Kituo kipya huja na kompyuta zake tangu kiwandani. Kituo kikongwe kina chuma ambacho kikitunzwa kinaweza kuzunguka kwa miaka mingi zaidi, lakini afya ya chuma hicho huwa imo kichwani mwa mhudumu wa zamu na katika daftari lake.

Kanuni ya uzalishaji yenyewe haijabadilika. Maji huchukuliwa kwenye banio, hupitishwa katika mfereji au bomba linaloshuka bondeni, na nguvu ya mshuko huo huzungusha mtambo uliounganishwa na jenereta. Mitambo ya miaka ya 1950 ilidhibitiwa kasi kwa vyuma vizito vilivyozunguka pamoja nayo: kasi ilipozidi vyuma hivyo vilitanuka, na kwa msaada wa shinikizo la mafuta vikapunguza maji yanayoingia. Mhudumu alipita kila saa akiandika joto la beringi, volti na mkondo wa umeme. Aliyekaa miaka mingi alijua kwa mlio tu kwamba kuna jambo.

Udhaifu wa utaratibu huo ni kwamba joto lililoandikwa saa nane usiku na kuandikwa tena saa tisa halisemi kilichotokea katikati. Beringi iliyokosa mafuta haihitaji saa nzima kuharibika. Isitoshe, mhudumu mzoefu anapostaafu, masikio yake huondoka naye.

Mfumo wa dijitali huanzia hapo. Vitambuzi, yaani vifaa vidogo vya kupimia, hufungwa kwenye beringi, kwenye jenereta, katika tangi la mafuta na bomba la maji. Hupima joto, mtikisiko na shinikizo kila mara, na kupeleka vipimo kwenye kompyuta ya kituo. Kompyuta hiyo hutunza kumbukumbu, hulinganisha hali ya leo na ya mwezi uliopita, hutoa tahadhari, na inapobidi husimamisha mtambo kabla chuma hakijasagana. Vipimo hivyo vinaweza pia kusomwa mbali, kupitia mkongo uliopitishwa juu ya nguzo za umeme au kupitia mtandao wa simu za mkononi.

Faida kubwa kuliko zote kwa kituo kidogo huenda isiwe ndani ya jengo la mitambo, bali kwenye banio. Wakati wa masika mto huteremsha nyasi, matawi, mabua ya mahindi na, siku hizi, chupa za plastiki. Takataka hizo hujikusanya kwenye wavu wa chuma unaolinda mtambo. Maji yanayopita hupungua, na umeme hupungua pamoja nayo. Vipimo viwili vya kina cha maji, kimoja mbele ya wavu na kingine nyuma yake, vinatosha kuonyesha kuziba huko mapema. Tofauti ya kina ikiongezeka, mtu huitwa akasafishe. Hakuna kompyuta ya gharama kubwa inayohitajika hapo.

Hesabu yake ni rahisi. Kituo cha kilowati 1,220 kinachoweza kuzalisha kwa uwezo wake wote, kikisimama kwa siku moja, hupoteza uniti 29,280. Kwa familia inayotumia uniti 75 kwa mwezi, huo ni umeme wa mwezi mzima kwa kaya 390.

Lakini kompyuta haileti mvua. Ruaha Mdogo unaanzia nyanda za juu za Mufindi, unapita Iringa, kisha unaungana na Ruaha Mkuu kabla ya maji kuingia Mtera. Mwaka 2006 ukame ulishusha kina cha bwawa hilo chini ya mita 690 juu ya usawa wa bahari, kiwango cha chini kilichowekwa kwa ajili ya kuzalisha umeme, na nchi ikaingia katika mgawo mkali. Ambacho vipimo vinaweza kufanya ni kuonyesha maji yaliyopo na yanayopungua. Takwimu za kila saa za kituo kidogo, zikifika pia Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji yenye makao yake Iringa, zingesaidia hata mjadala wa mkulima wa umwagiliaji na mzalishaji wa umeme, ambao mara nyingi huendeshwa kwa makisio.

Kuwa na vipimo si sawa na kuvifanyia kazi. Agosti 17, 2009, katika kituo cha Sayano-Shushenskaya nchini Urusi, chenye megawati 6,400, kifuniko cha mtambo namba mbili kiling'oka, maji yakafurika jengo na watu 75 wakafariki dunia. Uchunguzi ulionyesha kwamba boliti za kifuniko zilikuwa zimechoka, na kwamba mtikisiko wa mtambo huo ulikuwa umeongezeka kabla ya ajali. Mtambo haukusimamishwa kwa wakati.

Ziko pia hatari ambazo kitambuzi cha beringi hakizioni. Juni 7, 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru nchini Kenya. Zaidi ya megawati 180 zilipotea, mitambo mingine ikazidiwa, na Kenya nzima ikawa gizani kwa saa kadhaa. Uzio na vifaa vya kukata umeme kwa haraka vina haki ya kutangulia skrini kubwa ukutani. Katika Nyanda za Juu Kusini, kinga ya radi nayo iwe katika orodha hiyo ya mwanzo, pamoja na betri za akiba, kwani kifaa cha kielektroniki huungua kwa mshtuko ambao chuma cha mwaka 1951 kingeustahimili.

Suala la ajira halikwepeki. Kituo kinachosomwa kutoka mbali kinahitaji wahudumu wachache wa zamu, na hilo ndilo huwavutia wenye mahesabu. Lakini kinahitaji fundi anayeelewa vitambuzi, programu na mitambo kwa pamoja, na mtu wa kufika kwenye wavu usiku wa mvua.

Kuna sababu nyingine ya kutowaondoa watu wote. Desemba 23, 2015 wadukuzi waliingia katika kompyuta za makampuni ya usambazaji umeme nchini Ukraine na kuwakatia umeme wateja wapatao 225,000. Huduma ilirejeshwa baada ya saa chache kwa sababu mafundi walikwenda kwenye vituo vya kupozea umeme na kuwasha swichi kwa mikono yao. Vituo vya miaka ya 1950 vilijengwa viendeshwe hivyo hivyo, na mkandarasi atakayeleta kompyuta katika kituo cha aina ya Tosamaganga anapaswa kutakiwa, ndani ya mkataba, aache njia ya kufunga maji kwa mkono ikiwa inafanya kazi.