Mji wa Goma: Ardhi Yake na Watu Wake



Mtu anayefika Goma kwa meli kutoka Bukavu aona kwanza uzuri. Aona majumba yenye bustani zinazoshuka mpaka majini, hoteli, miti mirefu, na nyuma ya hayo yote mlima wenye kutoa moshi. Akirudi kwao atasema: Goma ni mji wa matajiri kando ya ziwa. Hakusema uongo. Lakini ameona ukanda mmoja tu, tena ulio mwembamba. Fratri au katekista anayetumwa kufanya kazi katika mji huu yafaa ajue zaidi. Basi tueleze mahali mji ulipo, ardhi unayokaa juu yake na watu wanaokaa humo. Mwisho tutasema kwa nini hesabu ya watu ni kazi yetu pia.

1. Mahali pa mji

Goma iko upande wa kaskazini wa Ziwa Kivu, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ikweta haiko mbali, lakini kwa sababu ya kimo hicho joto si kali, na usiku baridi huingia. Upande wa mashariki ni mpaka wa Rwanda. Gisenyi, mji wa jirani, umeshikana na Goma hata mgeni angedhani ni mji mmoja uliokatwa kwa kamba.

Na kweli ni mpaka uliozaa mji. Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen alipita hapa, akapanda Nyiragongo. Baadaye Wajerumani waliweka kituo Gisenyi, Wabelgiji nao wakaweka chao Goma, ili kila mmoja amwangalie mwenzake. Mapatano ya mwaka 1910 yakaweka mpaka. Nchi yenyewe ilikuwa ya Wakumu, na bado twasikia jina la Bukumu kaskazini ya mji.

Wazungu wa mashamba ya kahawa na wageni waliotafuta hewa nzuri walijenga nyumba zao ukingoni mwa ziwa. Baada ya uhuru, Rais Mobutu naye alikuwa na nyumba yake kubwa hapo. Mwaka 1988 Kivu iligawanywa, na Goma ikawa makao makuu ya Kivu ya Kaskazini. Ng'ombe na jibini za Masisi, kahawa, maharagi, na madini kama koltani ya Rubaya, vyote hivyo vilipita mjini, na kila vilipopita viliacha faida kwa wachache. Ndivyo kartiye za ukingoni, kama Himbi na Les Volcans, zilivyotajirika.

Ziwa lenyewe lina siri yake. Katika vilindi vyake, vinavyopita mita 480, mna gesi nyingi: ile ya kaboni, isiyofaa kuvutwa, na metani inayowaka. Rwanda hutoa umeme katika metani hiyo. Lakini wataalamu wanakumbuka ziwa la Nyos, nchini Kameruni, lililotoa gesi ghafla mwaka 1986 na kuua watu karibu 1,700. Uzuri wa maji basi usitudanganye.

2. Ardhi

Tukitoka ukingoni na kupanda kaskazini, mambo yabadilika upesi. Udongo waisha, mawe meusi yaanza. Mawe hayo ni moto uliopoa. Nyiragongo, wenye mita 3,470, uko kilomita zisizozidi 20 kutoka mjini, na shimoni mwake mara nyingi limeonekana ziwa la mawe yaliyoyeyuka.

Tarehe 10 Januari 1977 mlima ulipasuka ubavuni, na ziwa hilo la moto likamwagika kwa muda usiofika saa moja, likaua watu vijijini. Tarehe 17 Januari 2002 moto ulifika mjini wenyewe. Ulifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukapita katikati ya maduka, ukaangusha kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, kisha ukaingia ziwani. Watu zaidi ya 100,000 walibaki bila nyumba. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukasimama karibu na uwanja wa ndege.

Ardhi ya namna hii yaleta taabu za kila siku. Mvua ni nyingi, lakini mji hauna mito. Maji huzama mara moja katika nyufa za mawe. Kwa hiyo watoto huteremka ziwani na bido za njano, wakati mamilioni na mamilioni ya lita yametandaa mbele ya macho yao. Kuchimba choo ni kupigana na mwamba. Wengi hujenga kwa mbao, si kwa kupenda: nyumba ya mbao ni rahisi, tena huweza kubomolewa na kuhamishwa. Na mahali pengine pa chini hutoka mazuku, ile hewa mbaya isiyo na rangi, inayoua mbuzi na hata mtu aliyelala.

3. Watu

Nchi yetu haikuhesabu watu wake tangu mwaka 1984. Mwaka ule Goma ilikuwa na watu karibu 77,000. Leo wengine hutaja milioni moja, wengine milioni mbili. Tofauti ya hesabu hizo ni watu milioni nzima!

Waliongezekaje hivyo? Si kwa kuzaliwa tu. Mwaka 1993 vita vya Masisi viliwasukuma wengi mjini. Mwezi wa Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda, mamia ya maelfu, walivuka mpaka kwa siku chache, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu yao. Toka vita vya 1996 mpaka leo, kila kijiji kilichochomwa huko Masisi, Rutshuru au Walikale kilituma watu wake Goma. Mwisho wa Januari 2025 kundi la M23 liliuteka mji wenyewe, na mwezi uliofuata makambi ya pande zake yalivunjwa, watu wakatawanyika tena.

Ndiyo maana Wahunde, Wanande, Wahutu, Watutsi, Wanyanga, Washi, Wahavu na wengine hukaa pamoja katika Majengo, Mabanga, Katoyi na Ndosho, na Kiswahili huwaunganisha sokoni na kanisani. Mwaka 2002 karibu wote walikimbia moto, na siku chache baadaye walirudi, mawe yakiwa bado na joto. Wengine waliwacheka. Lakini wangekwenda wapi? Mashambani kulikuwa na bunduki. Mjini kulikuwa na soko, na mwenye chukudu hupata mzigo wa kubeba. Walichagua hatari wanayoijua.

4. Hesabu na uchungaji

Hapa twafikia neno letu. Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walichagua kujenga Kanisa juu ya jumuia ndogo zilizo hai. Mahali ambapo serikali haikuhesabu tangu 1984, kiongozi wa jumuia ndogo bado aweza kujua. Tarehe 27 Mei 2021 kartiye 10 kati ya 18 ziliamriwa kuondoka mara moja. Siku ya namna hiyo hesabu ya milioni haifai kitu. Linalofaa ni kujua kwamba katika nyumba ya tatu yumo mama mzee asiyeweza kutembea, na katika ile ya mbao mna watoto wasio na wazazi. Hata katika ukanda wa matajiri, nyuma ya kuta ndefu, mna zamu na watumishi ambao hakuna aliyeuliza majina yao.

Basi kila katekista awe na daftari la nyumba, si la ubatizo tu. Lakini tuwe na busara. Katika nchi hizi orodha ya majina iliwahi kuwa njia ya mauti. Tukumbuke Rwanda mwaka 1994. Daftari lisitaje kabila la mtu, wala chama chake, wala mahali alipotoka akikimbia. Lisitoke mikononi mwa mwenye kulitunza, hata kwa anayeliomba kwa maneno matamu au kwa bunduki. Pengine kutakuwa na siku ambapo kulichoma ni wema kuliko kulihifadhi. Na siku hiyo kiongozi anayejua nyumba zake kwa miguu hatapoteza kitu.

Fratri mpenzi, utakapofika Goma, tazama ziwa, maana ni zuri kweli. Kisha uligeuzie mgongo, upande mawe meusi, ubishe hodi.