Hati ya Kukamata na Uhai Wake: Maelezo ya Istilahi za Mahakama

Makala haya yanakusudia kueleza istilahi chache za mahakama ambazo mwananchi hukutana nazo ghafula, aghalabu akiwa na hofu, na ambazo kwa kuchanganywa kwake zimewafanya watu wengi wakimbie pasipokuwa na haja ya kukimbia, au watulie pasipofaa kutulia. Istilahi iliyo kiini cha maelezo yetu ni hati ya kukamata, na hasa ile hati ambayo imekwisha kutolewa na mahakama lakini mtu aliyetajwa ndani yake bado hajakamatwa.

Mifano yetu tumeiweka Masumbwe, katika Wilaya ya Mbogwe, mji ulio kando ya barabara kuu itokayo Kahama kwenda Ushirombo. Hatukupachagua mahali hapo kwa kuwa watu wake ni wakorofi kuliko wengine; la hasha. Ni mahali pa watu wanaohama. Mchimbaji mdogo hulala Masumbwe juma hili, na juma lijalo yumo Nyakafuru, Kakola au Geita, kwa sababu amesikia kuna rashi mpya ya dhahabu. Wito wa mahakama hutembea polepole kuliko habari ya dhahabu, na kwa hiyo humkosa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wachimbaji wawili wamegombana juu ya mgawo wa mawe ya duara lao, na mmoja amempiga mwenzake. Aliyepiga ameshtakiwa kwa shambulio, amepewa dhamana, naye ameahidi kurudi siku iliyotajwa. Siku hiyo haikumkuta Masumbwe. Miezi kadhaa baadaye anarudi kuwaona wazazi wake, na jirani wa kwanza anamnong'oneza, "Kaka, una RB." Wa pili anasema, "Umetolewa waranti." Wa tatu anasema samansi yake iko kwa mtendaji wa kijiji. Yeye huyachukua maneno yote matatu kuwa ni jambo moja, nayo ni mambo matatu mbalimbali.

Samansi, au kwa istilahi tunayoipendelea hati ya wito, ni karatasi ya mahakama inayomwita mtu afike mahali fulani, siku fulani, saa fulani. Inasema naye mwenyewe. Haimwamuru mtu mwingine amshike. Mwenye kuipokea na kuitii hana jambo la kuogopa katika karatasi hiyo, isipokuwa shauri lenyewe.

RB ni kitu kingine kabisa, na hapa ndipo kosa lililoenea zaidi. Herufi hizo hutaja kitabu cha taarifa kilichopo kituo cha polisi, na namba ya RB ni namba ya taarifa iliyoandikwa humo. Inathibitisha kwamba mtu amekwenda kulalamika, basi. Mlalamikaji anayetembea sokoni akiipunga karatasi yenye namba hiyo na kusema "nina RB yako" hana mkononi amri ya mahakama. Hata hivyo yafaa tuongeze upesi, ili tusimpotoshe msomaji, kwamba polisi wanaruhusiwa na sheria kumkamata mtu bila ya hati kwa makosa mengi. Kwa hiyo si sahihi mtu kudai kuwa kila akamatwaye bila ya hati ameonewa. Tunachosema ni kwamba RB si hati.

Hati ya kukamata ndiyo amri yenyewe. Hutolewa na mahakama kwa maandishi, hutaja kosa, humtaja mtu kwa jina au kwa maelezo yanayomtambulisha, na humwamuru polisi, au mtu mwingine aliyetajwa, amkamate na kumleta mbele ya mahakama. Mara nyingi hufuata baada ya hati ya wito kupuuzwa, au baada ya mtu aliye nje kwa dhamana kutoonekana siku ya shauri.

Kuhusu jina lake kumekuwa na matumizi mengi. Neno waranti lilitujia pamoja na serikali ya kikoloni, nalo halikuja na kazi moja. Mtumishi wa serikali aliyehamishwa alipewa waranti ya kusafiria kwa treni, na mwananchi aliyetafutwa alitolewa waranti ya kumpeleka mahakamani. Mmoja alifurahi na mwingine alijificha, kwa neno lile lile. Katika jeshi, neno hilo hilo la Kiingereza limepewa tafsiri nzuri ya afisa mteule. Hatuoni sababu ya mahakama kubaki na neno lisilojieleza. Wenzetu wa magazeti ya Kenya hutumia pia kibali cha kukamatwa, lakini kibali ni ruhusa, na mwenye ruhusa aweza kuitumia au kuiacha. Hati hii haimwachii polisi hiari ya namna hiyo. Hati, neno lililotokana na Kiarabu kwa maana ya maandishi, limezoeleka katika hati ya kiwanja, hati ya kusafiria na hati ya mashtaka, nalo lafaa.

Je, ni hati ya kukamata au ya kukamatwa? Yote mawili husikika. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipotoa hati dhidi ya Omar al-Bashir wa Sudan mwezi Machi 2009, vyombo vingi vya habari vya Kiswahili viliandika "hati ya kukamatwa". Kauli ya kutendwa humtazama yule atakayeshikwa. Lakini karatasi yenyewe haisemi naye. Inasema na yule atakayeshika. Kwa hiyo tunaona hati ya kukamata ni sahihi zaidi, ingawa hatutagombana na mwandishi atakayeandika kwa namna ile nyingine.

Sasa tufike penye uzito. Watu wengi huamini kwamba hati ya kukamata huchakaa, kwamba baada ya mwaka mmoja au miwili "imekufa". Sivyo. Kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, hati huendelea kuwa na nguvu mpaka itekelezwe, au mpaka ifutwe na mahakama iliyoitoa. Nayo yaweza kutekelezwa popote Tanzania Bara. Mchimbaji wetu akikaa Geita miaka mitano, karatasi ile inamngoja Masumbwe, na yaweza kumfuata. Hati ya namna hii makarani huiita hati isiyotekelezwa. Jina hilo ni la kweli, lakini humpa msikilizaji picha ya jambo lililoshindikana na kusahauliwa. Tunapendekeza istilahi hati hai, kinyume chake kikiwa hati iliyofutwa. Mtu akiambiwa "una hati hai" hataweza kujidanganya kwamba muda umemsamehe.

Kadhalika, hati haifi kwa mapatano ya nyumbani. Huko Masumbwe, kama kwingineko, wazee hukaa, fidia hutolewa, mlalamikaji na mshtakiwa hupeana mikono, na wote huondoka wakiamini shauri limekwisha. Mapatano ni jambo jema, na sheria yenyewe inaipa mahakama nafasi ya kuhimiza upatanishi katika makosa madogo kama shambulio la kawaida. Lakini ni lazima yafikishwe mahakamani na kuandikwa katika jalada. Mbele ya Mahakama ya Wilaya mshtaki ni Jamhuri, na Jamhuri haikuwapo chini ya mwembe wakati mikono ilipopeanwa. Wala hati haifi kwa kumpa fedha mtu anayejigamba kuwa ataizima. Huyo huuza asichokuwa nacho.

Njia iliyopo ni moja: kufika katika mahakama iliyoitoa. Kwa watu wa Masumbwe neno "iliyoitoa" lina maana ya pekee, kwa kuwa Mkoa wa Geita na Wilaya ya Mbogwe vilianza mwaka 2012, na kabla ya hapo eneo hilo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Bukombe, Mkoa wa Shinyanga. Mwenye shauri la zamani aulizie mahali shauri lilipofunguliwa, asifuate tu mpaka wa leo. Aende na namba ya shauri kama anayo, kitambulisho, na watu wawili wanaoweza kumdhamini. Aeleze kwa ukweli kwa nini hakufika, na kama alikuwa mgonjwa au msibani aonyeshe uthibitisho. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aweza kumwona msaidizi wa kisheria, ambaye kazi yake inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hakimu aweza kuifuta hati na kumrudishia dhamana. Aweza pia kumweka rumande. Hatuwezi kumwahidi msomaji lipi litatokea, ila ni dhahiri kwamba aliyekuja mwenyewe anayo hoja ambayo aliyeletwa na polisi hanayo.

Akikamatwa kabla hajafika, anayo haki ya kuambiwa kiini cha hati, na akiomba kuiona, aonyeshwe. Yafaa aitazame nyuma na mbele, maana mahakama huweza kuandika juu ya hati yenyewe kwamba mtu huyo aachiwe akitoa wadhamini. Hati yenye maandishi hayo twaweza kuiita hati yenye dhamana.

Yapo maneno mawili ya kuangaliwa zaidi. Kufuta hati si kufuta shauri: hati ikifutwa, mashtaka yangali yapo na tarehe mpya itapangwa. Tumesikia ya watu waliotoka mahakamani wakishangilia, wasirudi tena, na hati ya pili ikatolewa. Neno la pili ni kuruka dhamana, ambalo limeshika mizizi magazetini. Ni tafsiri ya neno kwa neno, nayo yamsahau mdhamini, ambaye ndiye anayeitwa kueleza kwa nini asilipe fedha aliyoiahidi. Kuvunja dhamana ni bora, kwa kuwa chenye kuvunjwa ni ahadi, na ahadi ina mtu wa upande wa pili.

Lugha ya mahakama za mwanzo imekuwa Kiswahili kwa miaka mingi, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zote. Hivyo istilahi hizi zitaandikwa katika karatasi nyingi zaidi kuliko zamani. Kuna moja ambayo tungependa ifikiriwe upya na wahusika, nayo ni kujisalimisha. Matangazo humtaka mtu "ajisalimishe", neno lililo na harufu ya vita, la mtu anayeweka silaha chini. Mchimbaji aliyekosa tarehe moja hana silaha ya kuweka chini. Kwa mtu kama huyo tunapendekeza kufika shaurini, maneno yale yale yaliyomo katika wito uliomkosa.