Ukuaji wa Jiji la Nairobi na Hewa Tuivutayo

Nairobi ilianza kama kituo cha reli mnamo mwaka wa 1899. Sensa ya 1969 ilionyesha kuwa jiji lilikuwa na wakazi 509,286. Ile ya 2019 ikahesabu 4,397,073. Makala haya yanaeleza jinsi ukuaji huo unavyoathiri hewa.

Aghalabu lawama huelekezwa kwa wingi wa watu. Dai hilo lina ukweli, ila halikamiliki, kwani namna jiji linavyotanuka ina uzito mkubwa zaidi. Makazi yamesogea hadi Rongai, Kitengela na Ruiru ilhali kazi nyingi zimesalia katikati ya jiji na katika Eneo la Viwanda. Usafiri wa umma usipotosheleza, magari ya kibinafsi na matatu hufurika barabarani, na injini hutoa moshi hata foleni ikiwa imesimama. Mitaani, wasiomudu gesi hupikia makaa au mafuta ya taa, na taka zisizozolewa huchomwa. Jaa la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001, lakini taka ziliendelea kumwagwa na kufuka moshi humo.

Hata hivyo, hatari kubwa haionekani kwa macho. Chembechembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ambazo ni ndogo mno kuliko unene wa unywele, hupenya mapafu na kuingia damuni. Huchangia maradhi ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu. Mwaka wa 2021, Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo. Hewa ya Nairobi imepimwa na kupatikana kuwa imekizidi.

Madhara haya hayagawanywi sawa. Mwenye gari hufunga kioo. Mchuuzi wa kando ya barabara hana kioo cha kufunga.

Je, tukate tamaa? La hasha. Mwaka wa 2006 Kenya iliachana na petroli yenye risasi. Magari yalizidi kuongezeka, lakini sumu hiyo iliondolewa katika mafuta yake. Kwa hivyo mabasi ya kutosha, nishati safi jikoni na uzoaji wa taka ni mambo yawezekanayo jiji likiendelea kukua. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mapafu, lakini, hayajengwi upya.