Betri Nne, Simu Moja: Mabingwa wa Gemu za Mkononi Michenzani

Michenzani, hapa Unguja, ni mtaa wa rekodi hata kabla hujataja gemu. Majumba aliyoyaanzisha Mzee Karume baada ya Mapinduzi, kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, ni marefu kwa kulala kuliko kwa kusimama. Moja linakaribia mita 300, na mtoto anayeitwa na mama yake kutoka dirishani ana kisingizio kimoja tu cha kutoitika: alikuwa anacheza gemu. Gemu gani, inategemea kazaliwa mwaka gani. Hapa nawapanga mabingwa kwa kipimo cha mtaa huu. Picha nzuri hatuzitazami sana. Tunatazama nani alibaki anawaka wenzake walipozima.

Kwa kipimo hicho mkongwe ni Game Boy ya Nintendo, iliyotoka Japani Aprili 1989. Gunpei Yokoi na wenzake waliipa kioo kisicho na rangi wala taa, na wajuzi wakaicheka. Wapinzani walikuja wamepambika: Atari Lynx mwaka huohuo, kisha Game Gear ya Sega mwaka 1990, zote za rangi. Ila Game Gear ilikula betri sita kwa saa tatu, tukijitahidi sana tano, wakati Game Boy ilikwenda saa kumi na tano na zaidi kwa betri nne. Sisi Wazanzibari tuna rekodi ya vita vifupi kuliko vyote duniani, vile vya Agosti 27, 1896, vya dakika 38 hivi. Betri za Game Gear zingevimaliza mara nne zikafa. Game Boy, pamoja na ndugu yake wa rangi, iliuzwa zaidi ya milioni 118.

Hiyohiyo ndiyo yenye rekodi ya safari. Mwaka 1993 mwanaanga Mrusi Aleksandr Serebrov alipanda nayo hadi kituo cha Mir, Tetris ikiwa ndani, akakaa huko siku 196. Dunia ilizungukwa mara elfu tatu na matofali yanaanguka tu.

Lakini Game Boy yenyewe wengi wetu tuliiona mikononi mwa watoto wa jamaa waliokuja likizo kutoka Maskati na Dubai, na kuishika ilikuwa kwa zamu na kwa kunyenyekea. Chetu sisi kilikuwa kile cha Kichina, cha plastiki nyepesi, kilichonunuliwa sikukuu pale Mnazi Mmoja, pesa za mkono wa Idi zikiwa bado moto. Kiliandikwa kina michezo 9999. Naipa maandishi hayo rekodi ya uongo mkubwa kuliko wote uliowahi kupigwa chapa juu ya plastiki. Ukihesabu kwa haki unakuta matofali, nyoka, kijigari, kifaru na mingine michache. Iliyobaki ni ileile, imebadilishwa kasi na ngazi. Betri zake mbili zikichoka hazikutupwa. Ziling'atwa kwa meno, zikaanikwa juani barazani pamoja na mpunga wa mtu, zikarudishwa, na kweli kikawaka tena, muziki wake ukivuta kama mgonjwa. Kama kuna tuzo ya kunakiliwa sana, ichukuliwe na mchezo huo wa matofali, Tetris ya Alexey Pajitnov ya mwaka 1984, ambao nusu ya walioucheza hapa hawakujua una mwenyewe.

Halafu ikaja simu, na haikuja kama gemu. Mchezo wa nyoka aliutia mhandisi wa Kifini, Taneli Armanto, kwenye Nokia 6110 mwaka 1997. Mwaka 2003 ikatoka Nokia 1100, ile tuliyoiita simu ya tochi, nayo ikauzwa zaidi ya milioni 250. Tuziweke mezani: mashine ya gemu ya mkononi iliyouzwa kuliko zote kabla ya enzi ya Nintendo Switch ni Nintendo DS ya mwaka 2004, kwa milioni 154. Simu iliyonunuliwa kwa ajili ya kuongea na kumulika iliipita kwa karibu milioni mia, na nyoka yumo ndani, bure.

Mtihani wake mkubwa hapa Unguja ulikuwa giza. Desemba 10, 2009 umeme unaotoka bara kwa waya wa baharini ulikatika, ukarudi Machi 9, 2010. Miezi mitatu! Mwaka mmoja na nusu kabla yake tulikuwa tumeshakaa gizani wiki nne, tukadhani hiyo ndiyo rekodi. Pampu zilipolala, maji ya ghorofani yalipanda kwa ndoo, na mpandaji alimulika ngazi kwa simu ya tochi, mara nyingine ameibana kwa meno. Simu zikipelekwa kuchajiwa kwenye duka lenye jenereta, kila moja na kikaratasi cha jina la mwenyewe. Mtoto akiomba kucheza nyoka aliambiwa: "Mwanangu, hiyo ndiyo taa yetu. Ukiimaliza utapanda ngazi kwa kupapasa." Ndipo nilipoelewa tofauti ya vyombo hivi viwili. Kile cha 9999 kilikuwa cha mtoto, hakuna mkubwa aliyekitaka. Simu ilikuwa ya nyumba nzima, na mchezaji alikuwa wa mwisho kwenye foleni.

Tuzo ya kuchekwa haina mshindani: N-Gage, pia ya Nokia, Oktoba 2003. Ilitaka kuwa simu na mashine ya gemu kwa pamoja. Kubadilisha kaseti ulitoa betri kwanza, na kuongea uliiweka kwa ubavu sikioni kama anayesikiliza kipande cha mkate. Mwaka uliofuata walitoa nyingine iliyorekebisha yote mawili, lakini kicheko kilikuwa kimeshatangulia.

Simu za gemu zilizofuata ziligawanyika. Za wenye nacho, kama Razer Phone ya 2017 na ROG Phone ya ASUS ya 2018, zilishindania kasi ya kioo. ROG ilikuja na feni ya kubandika mgongoni. Sijaiona sokoni Darajani, ingawa joto la kaskazi lingeipatia kazi. Kijana wa hapa simu yake ikichemka huilaza dakika tatu juu ya sakafu ya saruji, kisha huendelea. Waliotujua hasa ni Tecno na Infinix, wanaolenga soko la Afrika. Tecno Pova ya 2020 ilikuja na betri ya mAh 6000, na Pova 2 mwaka uliofuata mAh 7000, na hiyo ndiyo sifa waliyoitangulizia kifua. Miaka thelathini baadaye, somo la Yokoi.

Mashine zenyewe hazijafa, tusidanganyane. Switch imeshavuka milioni 150, na Switch 2 ya Juni 2025 iliuzwa milioni tatu na nusu ndani ya siku nne, kasi ambayo Nintendo ilikuwa haijawahi kuifikia. Ila bei yake Marekani ilianzia dola 450, na haitumi pesa wala haipokei.

Jioni moja karibuni nilikaa barazani chini ya mojawapo ya majumba yale. Kijana wa pembeni yangu alikuwa kwenye gemu ya Free Fire, wamebaki watatu, yeye mmojawapo, chaji asilimia tisa. Kioo kikabadilika ghafla: "Mama" anapiga. Dirisha la ghorofa ya tatu lilikuwa wazi, na mama mwenyewe amesimama pale, simu sikioni, anatutazama.